Chetezo Katika Chumba cha Kahawa

Mama aliye na mtoto mwenye biashara ndani ya nyumba na asome haya mpaka mwisho, kisha atazame mkono wake wa kulia umeshika nini. Mwanamkisi wa Mkomani, mtaa wa Amu kisiwani Lamu, hakutazama wa kwake, na nusura aiue kazi ya bintiye kwa mkono ule ule aliomlelea.

Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama wa hofu tu, hofu ya kuamka nayo kama wengine wanavyoamka na kiu. Mumewe, Mola amrehemu, alimwachia nyumba ya mawe na binti mmoja, Rawiya, na vyote viwili alivilinda kwa njia moja: kufunga mlango mapema. Rawiya alipokwenda Mombasa kusomea biashara, simu yake ililia asubuhi, mamake akiuliza amekula nini, ikalia tena magharibi akiuliza kama komeo limeingia sawasawa. Wenzake wa bwenini wakazoea kumjibia kwa pamoja: "Limeingia, mama."

Mmoja wa wenzake hao alikuwa Cherono, msichana wa Kericho aliyekulia kwenye chai akaishia kuipenda kahawa. Cherono alisomea kuonja. Watu wa Amu walipoambiwa kuna masomo ya kuonja walicheka mpaka wakakaa chini, wakauliza kama kuna na masomo ya kulala. Lakini Mwanamkisi aliiheshimu pua ya yule binti, maana siku ya kwanza alipofika nyumbani kwake, kabla hajavua viatu, alisema kutoka mlangoni kwamba wali wa jirani umeshika chini. Na kweli ulikuwa umeshika.

Hawa wawili ndio waliofungua kazi ya kuingiza kahawa kutoka Uhabeshi, upande wa Jimma, milimani. Waliinunua moja kwa moja kwa wakulima wanaoipanda chini ya miti mikubwa ya msituni bila kuikata, na bei walikubaliana kabla ya mavuno, si ile mkulima anayotupiwa baadaye kama mfupa. Mzigo ulishuka Mombasa, ukaja kwa lori mpaka Mokowe, ukavuka kwa mashua, na punda wakaufikisha mlangoni. Cherono alikaanga kwenye ua wake wa kupanga kule Wiyoni, kwa makaa ya vifuu vya nazi. Wanawake wa Siyu wakawasukia vifuko vya miyaa, kwa kuwa Rawiya aliapa kwamba kwenye biashara yake plastiki haitaingia, hata ile mifuko ya ndani ya magunia. Kahawa ikaenda hoteli za Manda, ikaenda Mombasa na Nairobi, na nyingine ikaingia kwenye dele, lile birika la kahawa, la Jaafar, kaka yake Mwanamkisi, aliyekuwa akiuza kahawa chungu barazani tangu ndevu zake ni nyeusi.

Magunia yalikaa nyumbani kwa Mwanamkisi, kwenye chumba cha chini, mkono wa kushoto ukipita daka la mlangoni. Chumba kikavu, kuta nene, giza la kutosha. Cherono alikisifu. Na hapo ndipo hofu ilipopata pa kukaa.

Ilianza na picha. Cherono alipiga picha ya kile chumba, magunia yamepangwa mpaka juu, Rawiya amesimama mbele amejifunga leso kama nahodha, akaitia mtandaoni. Jioni Rawiya akamwonyesha mamake simu.

"Tazama mama, watu walivyoipenda."

Mwanamkisi akavaa miwani. Akasoma moja moja, kidole kikipanda polepole. Watu wamesifu. Watu wametia mioyo na mioto. Akafika chini.

"Na Mashaallah iko wapi?"

"Mama, hawa wengi wao ni watu wa Nairobi."

"Mato ya watu wa Nairobi hayadhuru?"

Cherono, aliyekwisha kujua kwamba mato ya Amu ni macho ya kijicho, akasema huku akila mkate wa mofa pembeni, "Nitawaandikia wairudie, mama. Waseme wote kwa pamoja."

"Teka tu, mwanangu. Husuda haina mteko."

Wale wasichana wakateka kweli, wakacheka, na jambo likaisha kwao. Kwake halikwisha. Alhamisi ile, baada ya alasiri, walipokuwa Wiyoni kukaanga, Mwanamkisi alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, ule mzuri wa kuwekewa maharusi, akaongeza na ubani. Akashuka nao chumba cha kahawa. Akazunguka magunia akisoma Falaq na Nas, akipenyeza moshi kila pembe, kisha akakiacha chetezo kando ya mlango, akatoka akafunga ili baraka isivuje. Akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mtungi. Akafanya hivyo Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara mzigo ulipopungua bila balaa alijiambia: ni ule moshi.

Hakumwambia mtu. Kinga ikitangazwa, yeye aliamini, huwa kama mlango uliotiwa kufuli na ufunguo ukaachwa juu yake.

Sasa ujumbe ukaja kutoka Jimma. Wakulima walikuwa wamekaa kikao, wakaamua kwamba kabla ya kuahidi mavuno yajayo watamtuma mtu aje Amu aone kahawa yao inavyotunzwa na watu wanaoinunua. Mtu huyo ni mwanamke, anaitwa Nuriya. Wasipompendeza, mavuno yatapewa mnunuzi mwingine, na bila mavuno yale Rawiya na Cherono hawana kazi. Hapakuwa na mlima wa pili wa kuukimbilia. Walikuwa wameweka kila kitu kwenye ule mmoja.

Siku mbili tatu kabla mgeni hajafika, Jaafar aliingia na dele mkononi, uso umekunjana.

"Ndooni hapa nyote," alisema. "Rawiya, kahawa yenu imetoka arusini?"

"Arusini vipi, mjomba?"

"Yana jioni nimewamiminia wazee pale barazani. Mzee wa kwanza kanywa, katazama huku na huku, kaniuliza, Jaafar, ni nani aolewae? Wa pili kanambia anasikia kama amekumbatiwa na biarusi. Nikamwambia katika umri wako hiyo ni dawa, kunywa."

Rawiya akacheka. Cherono hakucheka. Alikwenda chumba cha chini, akarudi na gao la kahawa mbichi kiganjani, akainusa. Akainusa tena. Akaenda kusimama nje, kwenye upepo wa kichochoro, akavuta hewa safi, kisha akarudi kuinusa mara nyingine. Mwanamkisi, akichambua mchele sinia mapajani, aliona mikono yake mwenyewe imesimama.

"Imeshika kitu," Cherono alisema. "Sijui ni nini. Ni kitu kitamu, kizito. Kahawa mbichi hunywa harufu kama kitambaa kinavyonywa maji, chochote kikikaa karibu nayo inachukua. Lakini hapa karibu kuna nini? Hakuna viungo, hakuna sabuni, hakuna mafuta taa."

Kumbe ile pua kali ilikuwa imezoea. Nyumba nzima ile ilinukia udi tangu Mwanamkisi alipoletwa humo biarusi, nguo za kabatini, mito, nywele za Rawiya. Cherono alikuwa akiingia na kutoka humo kila siku, hata harufu ya udi kwake ikawa ndiyo harufu ya hewa.

"Basi rahisi," Jaafar akasema, akikaa. "Huyo mgeni akifika, semani ilikuya hivyo."

"Mjomba, tuliionja siku ilipofika. Ilikuwa safi kama maji ya mvua."

"Na ni nani aliyewaona mkionja?"

Rawiya alimtazama Cherono, na Cherono alitazama ile kahawa kiganjani. Kusita kule Mwanamkisi alikusikia kukipita juu yake kama kivuli cha baridi. Wakisema ilikuja hivyo, yeye amepona. Hakuna atakayeuliza habari ya chetezo. Moyo wake ukatulia, na ule utulivu ndio uliomtisha, kwa kuwa alijua umetulia juu ya nini: juu ya mkulima asiyemjua, ambaye atasingiziwa kwamba alituma mzigo mbovu.

"Hapana," Rawiya alisema mwisho. "Hatusemi hivyo, mjomba."

"Mimi nilikuwa natia shauri tu," Jaafar akasema, akajimiminia kikombe cha ile ile kahawa ya arusi, akanywa mpaka chini.

Kesho yake asubuhi Cherono alikuja kumsaidia Mwanamkisi kazi za mgeni. Alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, na kwa kuwa alikuna vibaya kama watu wote wa bara, Mwanamkisi kwa kawaida angemtania. Siku ile alimwacha.

"Mama, nimejua kosa ni la nani," Cherono alisema bila kuinua uso.

Kijiko kikamponyoka Mwanamkisi.

"Ni langu. Rawiya alisema hataki plastiki, lakini mimi ndiye niliyesomea. Ningemwambia gunia tupu halitoshi, tutafute kitu kingine cha kuzuia harufu. Nilinyamaza kwa sababu wazo lilikuwa zuri, na mimi napenda mawazo mazuri. Nitamwambia Nuriya ni mimi. Akitaka nitoke ili Rawiya abaki na mavuno, nitatoka. Nirudi Kericho nikachume chai na mamangu."

"Mamako atasemaje?"

"Atafurahi. Hajawahi kuipenda hii bahari. Kila jioni ananipigia kuuliza kama nimeivuka."

Mwanamkisi aligeukia jiko kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni. Kumbe huko Kericho kulikuwa na mwenzake, mwanamke wa kuamka na hofu, na yeye hapa ndiye bahari yenyewe, ndiye aliyekuwa akimzamisha mtoto wa mwenzake kimya kimya. Akataka kusema. Kumwambia nini? Kwamba mama aliyemkataza binti kupiga mluzi ndani ya nyumba, na kuuza chumvi usiku, ndiye aliyeharibu? Akamega kipande cha dafu, akampa. "Kula kwanza," akasema. Basi. Alichompa ni dafu, na alichostahili kumpa ni ukweli.

Mgeni alifika Ijumaa. Rawiya alikwenda Manda kumpokea uwanja wa ndege, akaja naye mama mnene wa haja, mwenye jino la dhahabu na shela ya rangi ya machungwa, akishuka kwenye gati huku akimfundisha nahodha wa boti jinsi ya kufunga kamba. Nuriya alikuwa amekaa Eastleigh miaka mingi kabla ya kurudi kwao kulima, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, kimenyooka kama barabara ya lami.

"Hizi njia zenu ni nyembamba sana," alisema akiingia. "Mtu mwenye mwili kama wangu akikutana na punda, nani anarudi nyuma?"

"Punda," Jaafar alimjibu. "Punda wa Amu ana adabu. Mtu ndiye wa kumwangalia."

Nuriya akacheka, akakaa, na nyumba nzima ikacheka naye, na Mwanamkisi akiwa kwenye kizingiti cha jiko akaona kwamba saa yake imefika.

Maana kuna desturi. Mgeni wa kike akiingia nyumba ya watu wa Amu, huletewa chetezo, akafukizwa nguo, akafukizwa mikono na nywele, ndipo ajue amepokewa. Nyumba isiyomfukiza mgeni imemwambia aondoke, hata ikimlisha ngamia mzima. Na udi uliokuwamo ndani ni ule ule mmoja. Akiuwasha, Cherono aliye hatua chache kutoka pale, ambaye siku zote hizi alikuwa akiwinda ile harufu kama paka, ataipata moto moto kutoka kwenye kaa. Asipouwasha, mgeni atadharauliwa, lakini siri itakaa. Angeweza kusema udi umekwisha. Neno dogo tu. Tena hakuna ambaye angeuliza.

Kutoka ukumbini akamsikia Cherono akianza, sauti imekauka. "Bi. Nuriya, kabla hujateremka kuona magunia, kuna jambo nataka kukuambia. Kuna kosa, na kosa hilo ni la..."

Mwanamkisi alitia udi kwenye kaa. Akauweka mwingi, bila ubahili, mpaka moshi ukapanda mweupe. Akatoka nao. Hakwenda kwa mgeni kwanza, na Jaafar akashangaa, kwa kuwa dadake hakuwa mtu wa kukosea adabu. Alikwenda moja kwa moja kwa Cherono, akapiga magoti mbele yake, akamwekea chetezo chini ya kidevu.

"Nusa, mwanangu."

Cherono alivuta hewa. Macho yake yakafumba. Yakafumbuka.

"Ndiyo hii," alisema polepole. "Ndiyo hii yenyewe."

"Kila Alhamisi," Mwanamkisi akasema. "Mlango nikiufunga kwa nyuma. Naliogopa mato ya watu."

Rawiya alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mamake hakujua kama analia. Kumbe alikuwa akizuia kicheko, na kicheko kilipomshinda kilitoka na machozi pamoja. "Mama," alisema, "umeiozesha kahawa. Umeitia arusini kabisa."

"Na mahari sikupata," Jaafar akaongeza.

Nuriya hakucheka. Aliomba kuonyeshwa chumba. Wakateremka wote, yeye mbele, akijipenyeza kwenye ngazi. Alifungua magunia, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akanusa. Yaliyo karibu na mlango, pale chetezo kilipokuwa kikikaa, yalikuwa yameshika sana. Yaliyo ukutani kabisa, nyuma ya wenzake, yalikuwa salama, na hayo yalikuwa ndiyo mengi. Akafuta mikono kwa shela.

"Mama," alimwambia Mwanamkisi, "kwetu pia tunachoma ubani tukinywa kahawa. Bila ubani mgeni anasema hakunywa. Lakini tunachoma penye kikombe. Ghalani, hata mtu mwenye kitunguu mfukoni haingii. Mume wangu nilimtoa ghalani kwa sababu ya mafuta ya nywele."

"Nimekosa," Mwanamkisi akasema. "Wasichana hawa hawakukosa."

"Nimesikia. Na nimesikia huyu mdogo akitaka kulibeba." Akamwelekeza Cherono kidole. "Sasa nisikilizeni na mimi. Kabla yenu tulikuwa na mnunuzi. Kila mwaka mzigo ukifika kwake una kasoro. Mwaka huu unyevu, mwaka ujao wadudu, mwaka mwingine harufu. Na kila kasoro alisema imetoka kwetu, na kila kasoro ilishusha bei. Hatukuwahi kuona ghala lake. Ndiyo maana nimepanda ndege na huu mwili wangu wote. Nilikuja nione kitu kimoja: siku kahawa ikiharibika upande wenu, mtasema imeharibiwa na nani. Nilifikiri itabidi nikae wiki nzima nikiwatega. Sijamaliza hata maji ya kunywa, wanagombania kosa watu wawili."

Akakaa juu ya gunia moja bovu kama malkia. "Mavuno ni yenu."

Rawiya akamrukia shingoni, akajuta, kwa kuwa Nuriya alimkumbatia mpaka mifupa ikalia. Cherono alibaki amesimama, mkono mdomoni, hadi Mwanamkisi alipomvuta naye akamweka kifuani, na hapo ndipo alipolia, kilio kile cha kutua mzigo. "Mama, ningalienda kweli," alimnong'oneza. "Nilikuwa nimeshafunga begi."

"Kalifungue," Mwanamkisi akasema.

Magunia ya karibu na mlango yalitengwa, wakaambizana hayatauzwa kwa jina lao hata chembe. Nuriya akataka sufuria pana, akakaa kwenye kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, akakaanga mwenyewe ile iliyoharibika, nyeusi ti, shela ameifunga kiunoni. Jaafar akaitwanga na tangawizi. Majirani walikuja kwa harufu, wakakalishwa. Wakanywa kikombe cha kwanza, wakanywa cha pili, na Nuriya akawaeleza kwamba kwao mtu haondoki kabla ya cha tatu, nacho kinaitwa baraka. Wanawake wa Mkomani wakasema basi huko ni kwetu, wakakaa zaidi.

Na ndipo Nuriya akasema ana sharti moja.

"Mavuno ya safari hii, mmoja wenu aje kwetu aone tunavyoihifadhi. Namtaka huyu mama."

"Mimi?" Mwanamkisi hakuwahi kupita Mombasa. "Nikafanye nini mimi nti za watu?"

"Ujifunze. Ukirudi, ufunguo wa kile chumba unakaa kwako. Nimezunguka sana, sijaona mlinzi kama mtu mwenye woga. Wewe woga unao wa kutosha, mama. Umeupeleka njia mbaya tu. Uuelekeze kwenye unyevu, na panya, na vitunguu, utatufaa sana."

"Dada yangu huogopa hata boti ya Manda," Jaafar akasema.

"Huogopa boti yenye wewe ndani," Mwanamkisi akamjibu, na kiwanda kizima kikamwangukia Jaafar kwa kicheko.

Mwenye kusoma na achukue hapo alichoambiwa mwenzetu. Hofu ya mama haiondoki, hata asome nini, hata afungiwe hirizi gani. Lakini iulizwe kabla ya kutiwa mkononi: inakwenda kulinda nini, na itafunga mlango juu ya nani. Na mtoto aulizwe. Mwanamkisi angemuuliza Cherono neno moja tu, Alhamisi ile ya kwanza, pasingekuwa na hadithi.

Lakini siku ile hakuna aliyekuwa akifikiria hayo. Mwanamkisi alikuwa amekishika kikombe chake cha tatu bila kukinywa, akitazama juu, pale ndege ya jioni kutoka Manda ilipokuwa ikipita kwenye kile kipande cha mbingu kilicho juu ya ua. Akaitazama mpaka ikapotea.

"Huko kwenu milimani baridi yake ikoje?" akamuuliza Nuriya.

"Asubuhi unatoa moshi mdomoni."

"Subhanallah." Akamgeukia Cherono. "Kama Kericho?"

"Kama Kericho, mama. Nitamwambia mamangu akufumie sweta. Anafuma vizuri, tena atafurahi kupata mtu wa kuogopa naye kwenye simu. Simama nikupime."

Mwanamkisi akaweka kikombe chini, akasimama katikati ya majirani, akanyoosha mikono kama mtoto anayeshonewa nguo ya Idi. Cherono akampima kwa viganja, bega mpaka bega, Rawiya akiandika kwenye simu, na wanawake wakitoa mashauri ya rangi kutoka kila upande.

"Mikono irefu," Mwanamkisi akasema. "Ifike mpaka kwenye vidole."